Kilo Sitini na Moja

Baba ana daftari la mbwa, jalada la kijani,
ncha zimejikunja kwa mvua ya Leitrim.
Humo hamna jina la binadamu.
Dervla, miezi miwili: kilo kumi na moja.
Dervla, miezi minne: ishirini na nane. Punguza.
Neno hilo kalipigia mstari mara mbili,
maana mfupa uliokimbizwa kukua
huja kudai deni lake baadaye, nyongani,
na mtoto wa pandikizi hili la mbwa
hulishwa kwa kipimo, si kwa huruma.

Kabla yake alikuwepo Cormac.
Alifagia sahani yote kwa pupa, akatoka mbio
kumfukuza kunguru shambani kwa akina Gaughran.
Saa mbili usiku akawa anahangaika kutapika
na hakitoki kitu, ila povu.
Tumbo ukiligonga linalia kama pipa.
Ufa ule tuliuona; tukauita kivuli.
Tukasema kavimbiwa. Tukampa maji. Tukangoja.
Kumbe ndani tumbo limejisokota
kama shuka mikononi mwa mfuaji.

Baba alirudi alfajiri na ukanda wa shingo tu,
akauweka mezani kando ya mkate,
na hakuna aliyekata mkate.

Kwa hiyo Dervla, siku alipofungwa kizazi,
tumbo lake lilishonewa ubavuni lisije likageuka.
Milo mitatu, midogo. Kisha saa nzima ya kulala,
na baba hukaa kitini mlangoni,
mguu kaunyoosha kizingitini,
bawabu wa mmeng'enyo.
Godoro nene, viwiko visiote sugu.
Ngazi, marufuku.
Kila Jumapili humpapasa miguu, begani hadi kifundoni,
akitafuta uvimbe mgumu,
maana kwa ukoo huu saratani hupenda mifupa mirefu.
Dervla hudhani anabembelezwa.
Tumemwacha adhani.

Oktoba ni mwezi wa moyo.
Saa mbili na nusu hadi Dublin,
kichwa chake begani pangu, pumzi ya samaki,
udenda ukinitiririkia mkono mzima.
Wakamnyoa kipande ubavuni, kama kidirisha,
na moyo ukaonekana kwenye kioo, wa kijivu,
unafumba na kufumbua
kama kiumbe kilichoamshwa usingizini.
Daktari Tuohy alipima, akapima tena.
"Chumba cha kushoto kimeanza kulegea. Kidogo.
Mngengoja akohoe, tungekuwa tumechelewa."
Vidonge, asubuhi na jioni.
Baba akaandika. Mkono wake ulikuwa imara.

Ni pale alipoinama kumbeba kumshusha mezani,
kilo sitini na moja, hataki msaada,
daktari akamtazama anavyohema.
"Na wewe Phelim, presha ulipima lini?"
"Mimi si mbwa mkubwa," akasema.
Muuguzi akacheka. Mimi sikucheka.

Njiani vifuta-mvua vilisema peke yao hadi Longford.
Kisha: "Miaka saba. Minane ukibahatika.
Ndiyo waliyopewa."
Nilitaka kumuuliza yeye kapewa mingapi
na nani anamwandikia.
Nikauliza kama amefunga zizi la kuku.

Wiki tatu baadaye nilifungua daftari
nitie alama ya kidonge cha jioni.
Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa penseli,
maandishi madogo kama ya mtu anayeiba:
*P. 168/97.*
Chini yake hapakuwa na neno.

Nilisikia sahani ikilambwa jikoni hadi chini,
kucha zikigonga sakafu, mkia ukipiga kabati.
Baba akanyanyuka kukifuata kiti chake.
Nikamwambia akae, chai i mezani, haina chumvi wala hila.
Nikaenda mlangoni mimi,
nikanyoosha mguu.